Pala hadi Tembo kwa Mtutu Mmoja

Jamani, nimeipiga! Baada ya miaka ya kubishana vijiweni kuhusu kaliba, kuazima bunduki za watu na kukariri maandishi ya kwenye makasha ya risasi, hatimaye nimeweka kitako cha .375 H&H Magnum kwenye bega langu, na nasema bila kumung'unya maneno: ubishi umekwisha. Kama leseni au mfuko wako unakuruhusu bunduki moja tu ya kuwindia wanyama wakubwa wa nchi hii, kuanzia swala pala wa kilo hamsini na ushei hadi tembo dume wa tani sita, chukua hii. Usiniulize mara mbili.

Najua mnachotaka kusema. Kaliba yenyewe ina zaidi ya miaka mia moja, sasa huyu anashangilia nini? Nashangilia kwa sababu kusikia sifa zake ni jambo moja, na kuifyatua ni jambo lingine kabisa. Na nashangilia kwa sababu kila mwaka viwanda vinatuletea kaliba mpya yenye jina la kutisha, na kila mwaka ile ya 1912 inabaki palepale ikizitazama zinavyopita.

Mkononi

Niliyoipata kuijaribu ni Winchester Model 70 Safari Express, mali halali ya jamaa yangu, bado inanukia mafuta ya kiwandani. Mtutu una sentimita 61. Uzito ni kilo nne na kidogo kabla hujafunga darubini. Risasi tatu zinakaa kwenye magazini na moja kwenye chemba. Mti wa kitako ni wa jozi, na ndani yake zimepita pini mbili za chuma ili usipasuke kwa teke.

Lakini kilichonimaliza ni kitu kidogo ambacho hata mwenye bunduki hakukitaja. Pete ya mbele ya kufungia mkanda haiko kwenye mti, kama ilivyo kwenye bunduki nyingi za kuwindia. Iko kwenye mtutu wenyewe, mbele ya pale mkono wa kushoto unaposhika. Bunduki ya nguvu hii ikirudi nyuma, pete iliyofungwa kwenye mti ingekuparua vidole. Mtu aliyeiweka pale ama aliwahi kuumia, ama alimsikiliza aliyeumia. Bunduki nzima imejaa akili ya namna hiyo: kilengeo cha nyuma kipana ambacho jicho hukikamata upesi, kile cha mbele kimefunikwa kofia isipate kugongwa, na usalama wake una hatua tatu, ile ya katikati ikikuruhusu kutoa risasi kwenye chemba bila bunduki kuwa tayari kufyatuka.

Sasa toa risasi yenyewe kwenye kasha. Ee! Ina urefu wa milimita 91 kutoka kitako hadi ncha, na imejaa kiganjani. Ganda lake halina umbo la pipa kama kaliba za siku hizi. Linapungua taratibu kutoka chini kwenda juu, na bega lake limelala badala ya kusimama wima. Chini kabisa, juu tu ya mfereji wa kuvutia ganda, kuna ule mkanda maarufu uliotuna kuizunguka.

Holland & Holland wa London, watengeneza bunduki ambao ndio H mbili za jina lake, hawakuchora umbo hilo kwa mapambo. Enzi hizo baruti ilikuwa kodaiti, nyuzinyuzi ndefu zilizopangwa ndani ya ganda, na joto la nchi zetu lilikuwa likipandisha presha yake. Ganda lililosimama wima lingeweza kung'ang'ania kwenye chemba jua la saa nane, mbogo akiwa amekutazama. Ganda lililopungua taratibu huachia mara tu linapovutwa. Na kwa kuwa bega lililolala halishiki vizuri mwishoni mwa chemba, wakaongeza mkanda ili ndio ushike. Leo baruti ni tulivu zaidi na huenda mkanda hauhitajiki tena, lakini ule mteremko wa ganda umebaki kuwa zawadi. Sukuma bolti mbele uone: kucha ndefu ya chuma inaidaka risasi inapopanda tu kutoka kwenye magazini, inaishikilia njia nzima, na risasi inaingia kwenye chemba kama kisu kinachorudi alani. Hakuna kukwama, hakuna kukwaruza. Niligeuza bunduki ubavu, nikaipindua juu chini, nikasukuma tena. Inaingia tu!

Kwenye shabaha

Msimamizi wetu uwanjani alikuwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya uwindaji bingwa, kofia imefifia kwa jua, maneno yake ya kuhesabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umezoea nini?"

"Thelathini-sifuri-sita, mzee."

"Basi hii ni dada yake mkubwa. Usiiogope, lakini usiidharau. Ivute begani mpaka ikae, halafu sahau kwamba ina kelele. Na ukishafyatua, vuta bolti mpaka mwisho, kijana. Mpaka mwisho!"

Nikaegemeza kwenye vijiti vya kulengea, nikavuta pumzi, nikaacha nusu itoke, nikabana triga.

Acha kabisa! Mshindo ule unausikia kifuani kabla ya masikioni. Lakini hapa ndipo nilipopata mshangao wa siku: haikunipiga, ilinisukuma. Teke la .375 ni karibu mara mbili ya lile la .30-06, hilo halina ubishi, ila linakuja kwa msukumo mrefu unaoyumbisha kiwiliwili kizima, si kibao cha ghafla cha shavuni kama kaliba nyingine za magnamu zilizowahi kunitoa machozi. Ukisimama wima na kuuachia mwili uyumbe nayo, unaweza kurudia. Ukiinama mezani kama karani, itakuadhibu. Mzee alitufukuza mezani mapema. "Mbogo hakusubiri umekaa kitini," akasema.

Kisha tukaenda kutazama karatasi kwenye mita mia. Risasi za uzito wa greni 300 zilikuwa zimekusanyika ndani ya upana wa vidole vitatu. Tukabadilisha kwa greni 270, bila kugusa skrubu yoyote ya darubini. Nikatarajia zipotee juu huko. Wapi! Zilikaa juu kidogo tu ya zile za mwanzo, mashimo mawili yamegusana na kundi la kwanza. Hii ndiyo sifa ambayo wazee wa kaliba hii wamekuwa wakiisimulia tangu enzi za babu zetu, nami nilidhani ni porojo za kambini. Kila mtutu una tabia yake, na lazima uujaribu wako, lakini .375 imejijengea jina kwa kuzipeleka risasi za uzito mbalimbali karibu mahali pamoja. Fikiria maana yake porini: asubuhi unabeba risasi laini kwa ajili ya tandala, mchana mnakuta nyayo za mbogo, unabadilisha risasi na kuendelea na safari. Hulazimiki kulenga upya.

Hesabu yake

Kipenyo ni milimita 9.5. Risasi ya greni 300, yaani gramu 19.4, inatoka mtutuni kwa takriban mita 770 kwa sekunde, ikiwa na nguvu ya karibu jouli 5,800. Ya greni 270 inakwenda mita 820 kwa sekunde. Linganisha na .30-06 ya greni 180: kasi ileile, takriban mita 820, lakini nguvu yake iko karibu jouli 3,950 tu. Maana yake ni kwamba aliyezoea .30-06 anaijua tayari njia ya risasi ya .375 hewani. Inashuka kwa kiasi kinachofanana. Tofauti ni kitakachotokea ikifika.

Na hapa niseme jambo ambalo ndilo kiini cha furaha yangu yote. Watu huipongeza .375 kwa kuwa ni ya katikati, kana kwamba katikati ni mahali pa wasioweza kuamua. Sivyo. Kwetu Tanzania .375 ndiyo kiwango cha chini kinachokubalika kwa mbogo na tembo. Chini ya hapo hata uwe bingwa wa dunia huruhusiwi. Juu ya hapo, kaliba zinaanza kuumiza kiasi kwamba mtu wa kawaida, mwenye ajira na bega moja la kulia, anaanza kufumba macho kabla ya kubana triga. Sheria inaanzia hapa, bega linaishia hapa. Ni kaliba chache mno zilizokaa sawasawa juu ya mstari huo.

Porini itafanya nini?

Twende kwa wanyama. Mbogo dume ana kilo 700 na zaidi, mbavu pana zilizobanana na moyo uliokaa chini kabisa kifuani. Hapigwi kwa mbali. Mita hamsini, sabini, mia kwa bahati. Risasi ya greni 300 iliyotengenezwa vizuri inavunja bega na kuendelea mbele hadi kwenye mapafu, na hilo ndilo unalolihitaji. Pofu, ambaye dume lake linaweza kufika kilo 900, ni mpole kwa tabia lakini ni jengo la nyama; .375 inamwangusha bila ubishi. Palahala na korongo wa miombo ya Rungwa, tandala mkubwa mwenye pembe za kuzunguka, kuro mwenye ngozi ngumu: wote hawa ni saizi yake kabisa.

Wadogo je? Watu wanadhani .375 itamsambaratisha swala pala. Kinyume chake! Risasi nzito inayokwenda kwa kasi ya wastani mara nyingi huharibu nyama kidogo kuliko risasi nyepesi ya kasi kubwa inayopasuka juu juu na kuacha bega zima limevilia damu. Mpishi wa kambi atakushukuru. Hata kwa swala twiga na swala granti wa nyika za Longido, ambako mita 200 ni jambo la kawaida, greni 270 iliyolengwa sawa kwenye umbali huo bado inafanya kazi. Ukianza kuniambia mita 400, nitakuambia usogee. Huo ni uwindaji, si mizinga.

Simba na chui wanataka risasi laini inayofunguka upesi, kwa kuwa miili yao si minene kama ya mbogo. Tembo anataka kinyume chake: risasi ngumu isiyopanuka kabisa, ya shaba tupu au yenye ganda la chuma, inayopita mfupa wa kichwa uliojaa vyumba vya hewa kama sega na kuufikia ubongo bila kupinda njia. Bunduki ileile, mtutu uleule, kasha tofauti. Ndiyo maana nasema usinunue kaliba kabla hujaelewa risasi. John Nosler alianza kuuza risasi yake ya Partition mwaka 1948, yenye ukuta wa shaba katikati ili nusu ya mbele ifunguke na nusu ya nyuma ibaki nzima, na tangu hapo Swift A-Frame na risasi za shaba tupu za Barnes zimeisukuma mbele zaidi. Nathubutu kusema .375 ya leo na risasi ya leo ni silaha kubwa kuliko .375 ile ile ya 1912, na ganda halijabadilika hata milimita.

Wapinzani wake

Nimesikia majina yote, na yote nayaheshimu. Tuyapitie haraka.

7x57 Mauser ya 1892: mashabiki wake humtaja W. D. M. Bell, Mskoti aliyezunguka Karamoja na Kongo na kuua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa kaliba hii ndogo. Ni kweli. Lakini Bell alipasua mafuvu ya tembo kuchunguza ubongo ulipo, aliishi porini miaka na miaka, na alipiga tembo ambao hawakuwa wamejifunza kumkimbia mtu mwenye bunduki. Wewe na mimi tuna likizo ya wiki mbili. Na leo ni kinyume cha sheria.

9.3x62 ya Otto Bock, mtengeneza bunduki wa Berlin, ya 1905: hii naipenda kwa dhati. Ilitungwa kwa ajili ya wakulima na wawindaji wa Kijerumani katika makoloni ya Afrika, nchi yetu ikiwemo, inaingia kwenye Mauser ya urefu wa kawaida, na teke lake ni la kiungwana. Inatoa kama jouli 4,800. Lakini kipenyo chake kiko chini ya .375 kwa kama nusu ya nusu ya milimita, na nusu ya nusu hiyo inaweza kukuletea maelezo marefu mbele ya askari wa wanyamapori.

.300 Winchester Magnum na .338 Winchester Magnum: safi kabisa hadi pofu. Mbele ya mbogo, rudi kambini.

.416 Rigby ya 1911: hapa ndipo penye ushindani wa kweli. Greni 400, karibu jouli 6,900, na mwindaji bingwa Harry Selby wa Kenya alijijengea jina nayo. Kwa mwindaji bingwa anayelazimika kumzuia mbogo aliyejeruhiwa asimfikie mgeni, huenda ndiyo bora. Lakini bingwa ndiye anayezuia; mgeni kazi yake ni kuweka risasi ya kwanza mahali pake, na risasi ya kwanza huwekwa vizuri na bunduki usiyoiogopa.

.458 Winchester Magnum ya 1956: nyundo ya karibu. Ukiipeleka nyikani kumtafuta granti utalia.

.375 Ruger ya 2007, kazi ya Hornady na Ruger: mjukuu mwenye mbio. Haina mkanda, ganda lake ni fupi na nene, inaingia kwenye bunduki ya urefu wa kawaida, na inatoa nguvu ile ile au zaidi kidogo. Kwa karatasi imeshinda. Porini nataka ganda lililochongoka linaloteleza, na nataka risasi ambazo nina uwezekano wa kuziazima kambi ya jirani mzigo wangu ukipotelea uwanja wa ndege. .375 H&H ndiyo iliyoenea zaidi kwa wawindaji wa Afrika.

Kasoro zake, kwa sababu zipo

Sijalewa kiasi cha kutoziona. Kwanza, urefu. Risasi ya milimita 91 inataka bolti inayosafiri mbali, na hapo ndipo lile onyo la mzee linapoingia: mwenye hofu huvuta bolti nusu, ganda tupu halitoki, na anarudisha mbele hewa tupu. Fanya mazoezi ya bolti nyumbani kwa risasi bandia, bunduki ikiwa imekaguliwa mara mbili kwamba ni tupu, mpaka mkono uvute mpaka mwisho bila kuulizwa.

Pili, uzito. Kilo nne, ongeza darubini, risasi na mkanda, unakaribia tano. Ufuate nyayo za mbogo kutoka alfajiri hadi adhuhuri kwenye mchanga wa mto mkavu ndipo utajua kilo tano ni nini. Lakini usiikimbilie ile nyepesi. Uzito huohuo ndio unaopunguza teke.

Tatu, bei ya risasi. Si ya kupiga makopo. Makampuni mengi ya ndege huruhusu abiria kilo 5 za risasi, ambazo kwa kaliba hii ni kama risasi mia moja. Kwa safari zinatosha na kubaki. Kwa mazoezi ya mwaka mzima, jipange.

Nne, kwa digidigi na swala tomi ni kubwa mno. Hata mimi siwezi kulitetea hilo, ingawa ukiwa na risasi ngumu isiyopanuka tundu lake linakuwa dogo kuliko unavyodhani.

Hukumu

Nyota tano, na kama zingekuwapo sita ningezitoa. Wenye bunduki nne hawana haja na makala haya. Lakini mwenye moja ana faida ambayo hainunuliki: triga moja anayojua uzito wake, usalama mmoja ambao kidole kinaupata gizani, kilengeo kimoja, mshindo mmoja ambao mwili umeshauzoea. Siku mbogo anapotoka kichakani bila taarifa, mikono hufanya ilichozoea, na mwenye bunduki moja amezoea jambo moja. Kaliba inayokuwezesha kuishi hivyo bila kuvunja sheria upande wa tembo na bila kuharibu nyama upande wa pala, mimi naijua hii tu.

Msimu hufunguliwa Julai Mosi, basi anza sasa. Fuatilia leseni ya silaha mapema, kwa sababu foleni haimjali mtu. Chukua bunduki yenye kucha ndefu ya kushika risasi, si lazima iwe hii niliyoipiga. Funga darubini inayoanzia ukuzaji mdogo kabisa, wa mara moja au moja na nusu, kwa ajili ya mbogo wa karibu. Chagua risasi moja ya greni 300 inayofunguka na moja ngumu, hakikisha zote zinakwenda mahali pamoja kwenye mtutu wako, kisha acha kuchaguachagua. Na pesa uliyokuwa umeiweka kwa ajili ya bunduki ya pili, yote, nunulia risasi za mazoezi. Tukutane uwanjani, mimi nitakuwa yule aliyesimama wima anayecheka.